Muulize Mwalimu: Maneno 1,400 na mgeni bado kaniacha mdomo wazi

Kabla ya barua, tangazo dogo. Mwezi uliopita nimeulizwa maswali ya zabibu kuliko ya lugha, kwa sababu kuna mtu kawaambia nimestaafu nikawa mkulima. Ni kweli nina ekari moja na nusu Hombolo, lakini mizabibu yangu yenyewe inanishinda, sembuse ya wenzangu. Waoneni mabwana shamba. Hapa tunabaki na kazi niliyoifanya miaka 31, kufundisha Kiingereza kwa watoto wasiokitaka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa Dodoma mjini. Nina kauntabuku la kwaya tatu ambalo kila ukurasa nimeupiga mstari katikati, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Nimefikisha maneno 1,400 na ukinihoji nakujibu yote. Wiki iliyopita usiku kaingia mgeni mzungu, akasema sentensi moja ndefu. Nikakamata "water" na nikakamata "running". Nikampa chupa ya maji, nikamwambia "No running, please", maana nilidhani anataka kukimbia mazoezi ndani ya korido. Kumbe aliuliza kama bomba la chumbani linatoa maji. Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Je, maneno yangapi yanatosha? Nikifika 3,000 nitakuwa nimevuka?
— Kijana wa mapokezi, Makole

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa aibu, kwa sababu huo mstari wa katikati ya ukurasa nimeuchora mimi. Si kwenye daftari lako, ila kwenye madaftari ya watoto wengi sana. Kila Jumatatu nilikuwa naandika ubaoni maneno ishirini, kushoto Kiingereza, kulia maana. Ijumaa mtihani. Aliyekosa zaidi ya matano alijua kinachomsubiri nyuma ya mlango wa ofisi, na enzi zile fimbo haikuwa na mtu wa kuihoji. Wakikariri, nikasahihisha, wakapata kumi na nane, kumi na tisa, nikawaandikia "vizuri". Mwaka juzi nilikuwa nachagua nyanya Majengo, muuzaji akaniangalia akasema, "Mwalimu, bado nakumbuka ambiguous!" Nikafurahi. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama nyanya zile ni za leo au za jana. Akaniangalia, akacheka, akaniongezea nyanya mbili. Miaka thelathini amelitunza neno ambalo hajawahi kulihitaji hata siku moja, na swali la nyanya, kazi yake ya kila siku, sikuwahi kumfundisha.

Sasa turudi kwa mgeni wako. Maji ulikuwa unayajua, na kukimbia ulikuwa unakujua. Hakuna neno lililokosekana. Ulichokosa ni kujua kwamba haya mawili yakikaa pamoja yana jambo lao. Mwingereza akisema "running water" hamwoni mtu anakimbia, anaona bomba. Ungekariri maneno elfu kumi kwa mtindo wa mstari wa katikati, bado usiku ule ungempelekea chupa.

Na usidhani huu ni ukorofi wa Kiingereza peke yake. Chukua "piga" yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga chafya, tunapiga hodi, tunapiga goti, tunapiga stori. Kwenye orodha hii yote hakuna aliyeumia. Mgeni aliyeandika daftarini kwake kwamba piga ni kumchapa mtu, tumsaidieje?

Namjua mmoja. Mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa wilaya ya Mpwapwa, tuliletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, kijana mrefu, mpole, mwenye kijidaftari mfukoni chenye mstari wako huohuo. Kitu cha kwanza alichokula kwetu kilikuwa nyama choma, akauliza, akaandika: choma, kuweka juu ya moto. Sawa kabisa. Wiki mbili baadaye akashikwa na malaria, tukampeleka zahanati. Nesi, mama wa makamo, akamwambia kwa upole, "Geuka baba nikuchome." Nawaambieni, mgonjwa aliyeingia ameegemea mabega ya watu wawili alitoka anatembea mwenyewe, haraka. Tulimkuta chini ya mbuyu anapekua kijidaftari. Ilibidi nimweleze kwamba sindano inachoma, mwiba unachoma, jua linachoma, na maneno ya mtu yanachoma, na moto hauko kokote hapo.

Huyohuyo alijikwaa siku moja, nikamwambia pole. Akanijibu, "Kwa nini unaomba msamaha? Hujanisukuma wewe." Alikuwa ameandika pole upande mmoja na "sorry" upande wa pili. Lakini "sorry" yao inafanya kazi ya samahani na kazi ya pole kwa pamoja, sisi tumezigawa. Ndiyo maana nasi tukienda kwao tunajikwaa vilevile: wanafunzi wangu waliandika "I am hearing cold", kwa sababu nasikia baridi, na "open the radio", kwa sababu redio kwetu inafunguliwa. Nilikuwa nawapigia mkasi mwekundu bila kuwaambia kosa liko wapi. Kosa halikuwa kwenye neno, mimi ndiye niliyewapa "hear" peke yake kama yatima, bila kuwaonyesha anakaa na nani. Mwanaisimu mmoja wa Uingereza, J. R. Firth, alishaliandika hili mwaka 1957: neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Mimi nilianza kazi 1984. Nilikuwa na nafasi ya kulisikia.

Umeuliza idadi, na sitaikwepa. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika sana, kama 2,000 hivi. Maneno hayo machache yanabeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida, maana lugha zote ziko hivyo, maneno machache yanafanya kazi kama punda na mengine mengi yanatokea mara moja kwa msimu kama kumbikumbi. Asilimia 80 inasikika kama ushindi. Basi soma hii:

"Jana jioni mama alimtuma mdogo wangu sokoni akanunue fendu mbili, lakini alipofika akakuta wauzaji wamelufya kwa sababu ya kisile cha ng'odu."

Maneno ishirini na moja, manne nimeyatunga mwenyewe nikinywa chai. Hiyo ndiyo asilimia 80 ilivyo. Unajua mama, unajua mdogo wako, unajua soko, unajua fendu zinanunuliwa na zinahesabika, unajua wauzaji wamefanya jambo. Lakini mtoto akirudi mikono mitupu, utamchapa au utampa pole? Hujui. Ndipo mtafiti wa New Zealand, Paul Nation, alipopiga hesabu mwaka 2006 akasema ili usome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada, kwa maana ya kujua maneno 98 katika kila 100, unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na kwa mazungumzo 6,000 hadi 7,000. Familia kwake ni kama kwetu soma, somo, msomaji, kisomo, masomo, zote zikahesabiwa nyumba moja.

Usikate tamaa, wala usiende kununua kauntabuku jingine. Hizo ni hesabu za mtu anayetaka kusoma chochote kilichoandikwa. Wewe uko mapokezi. Dunia ya mapokezi ina mambo kama thelathini tu na wageni wanayarudia kila usiku: maji, umeme, taulo, ufunguo, neti, waifai, feni haizunguki, chumba cha jirani kina kelele, chai ya asubuhi inaanza saa ngapi, bodaboda hadi stesheni ya SGR ni shilingi ngapi. Hapo kwenye saa uwe macho. Daftari lako linasema "seven" ni saba, na ni kweli, mpaka mgeni atakaposema "breakfast at seven". Hiyo ni saa moja asubuhi, mwanangu. Ukimwandalia saa saba atakuwa ameshafika Morogoro na njaa yake.

Fanya hivi. Daftari usilichome (kwa moto, namaanisha). Lipitie na kalamu ya risasi, uweke alama kwenye kila neno ambalo umewahi kulisikia kwa masikio yako kutoka kwa mgeni. Nabashiri hayatafika mia mbili. Mengine yaache yalale, siku moja utakutana nayo. Kisha nunua karatasi mbili za manila, zikate vipande vya ukubwa wa karata. Upande wa mbele andika sentensi nzima kama mgeni anavyoisema, ukiweza muombe aiseme tena taratibu, wengi hufurahi. Upande wa nyuma usiandike tafsiri ya neno mojamoja, andika unachotakiwa kujibu, au chora. Kwa ile ya bomba, chora bomba.

Kadi zako ziingie kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi uliyoipata inasogea mbele, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imeshafika mwisho. Si uvumbuzi wangu. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, aliueleza mtindo huu kwenye kitabu chake cha Kijerumani mwaka 1972, yeye akiwa na vyumba vitano. Sababu ya kurudia kwa kuachanisha siku ilishajulikana zamani zaidi: mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote, mamia kwa mamia, halafu anajipima baada ya saa, baada ya siku, baada ya mwezi. Akakuta sehemu kubwa inapotea mwanzoni kabisa, saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha upotevu unapungua kasi. Kwa hiyo maneno ishirini ya Jumatatu yangu yalikuwa yanavuja Jumanne yote, na watoto walikuwa wanayarudisha Alhamisi usiku kwa hofu ya Ijumaa. Jumamosi yalikuwa yameondoka tena. Kuna programu za simu zinazofanya kazi ya boksi hilo. Tumia ukipenda. Boksi haliishi chaji.

Na angalia: Ebbinghaus alichagua silabi zisizo na maana makusudi, ili kumbukumbu isipate pa kujishikiza. Mtu anayekariri neno la kigeni peke yake, bila sentensi, bila sura ya mtu aliyelisema, anajiwekea masharti yaleyale ya yule Mjerumani, ila yeye hana utafiti anaoufanya.

SWALI: Mwalimu, mimi nina fremu ya nguo mjini. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kuchukua mzigo, mara ya kwanza bila mkalimani, maana yule wa safari iliyopita nilihisi anakula pande zote mbili. Nimeanza kusoma Kichina. Kiingereza angalau kina shati na soksi na koti, unapata pa kushika. Kichina hakishikiki. Nianzie wapi?
— Dada wa fremu

JIBU: Dada, wewe una bahati kuliko kijana wa Makole, kwa sababu unajua kabisa utakayosema. Dukani kwa mtu. Basi usianze na sura ya kwanza ya kitabu inayokufundisha kusema "huyu ni baba yangu". Baba yako haendi Guangzhou.

Anza na namba mpaka zitoke kama unavyotoa chenji. Kisha "duoshao qian", ni bei gani. Kisha "tai gui le", ghali mno, ambayo ukiisema kwa uso wa huzuni inafanya kazi kama kwetu. Kisha rangi na saizi. Zote zishike nzimanzima, kama wimbo, usizipasue kwanza.

Kuna hatari moja ambayo mfanyabiashara hawezi kuipuuza. Kununua kwa Kichina ni "mai". Kuuza nako ni "mai". Tofauti ni sauti tu: ya kununua inashuka kidogo kisha inapanda, kama mtu anayeitikia "eeh?" kwa mashaka, ya kuuza inaanguka kwa ghafla, kama unamkemea mbuzi aliyeingia jikoni. Daftari lenye mstari wa katikati litakuandikia mai mara mbili na kukuacha uende kuwauzia Wachina mzigo wao. Hili hulisomi, unalisikiliza na kuliiga, hata kwa kujirekodi kwenye simu. Kiswahili hakitusaidii hapo, lakini kama ulikulia na lugha ya nyumbani yenye toni, kama Kirangi cha kwetu Kondoa, sikio lako tayari linajua mchezo huo.

Jambo lingine la dukani: Mchina hasemi "mashati matatu" hivihivi. Katikati anaweka neno la kuhesabia. Shati na koti huhesabiwa kwa "jian", suruali na sketi kwa "tiao", viatu kwa "shuang". Usishangae. Wewe mwenyewe unauza kanga kwa doti, kitambaa kwa jora, viatu kwa pea. Kwa hiyo usijifunze suruali peke yake, jifunze suruali pamoja na tiao yake, kama vile huwezi kujua kanga bila kujua doti.

Kuhusu kushikika, kinashikika, ila vishikio viko ndani. Treni ni "huoche", moto na gari. Simu ni "dianhua", umeme na maneno. Lifti ni "dianti", umeme na ngazi. Kompyuta ni "diannao", umeme na ubongo. Ukishajua umeme mmoja umepata vitatu. Ndege ni "feiji", ruka na mashine, na uwanja wa ndege unaongezea "chang" mwishoni. Utaliona neno hilo kabla hujatoka na begi lako. Hapa Dodoma Chuo Kikuu kina Taasisi ya Confucius, kaulize kama wana darasa la jioni. Nenda na orodha ya bidhaa zako mkononi, umwambie mwalimu unataka hizi.

Huyo mkalimani nadhani ulimhisi sawasawa.

SWALI: Mwanangu kamaliza darasa la saba shule ya Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza. Masomo karibu yote Kiingereza. Nimemnunulia kamusi kubwa na nimemwambia akariri kurasa mbili kwa siku kabla shule haijafunguliwa. Analia. Nimlegezee?
— Mama, Kongwa

JIBU: Mama, mlegezee leo hiihii. Mwanafunzi wangu mmoja alianza kamusi kwenye herufi A kwa hiari yake. Alijua "aardvark", ambaye ni muhanga, yule mnyama anayechimba mashimo mashambani usiku. Alijua "abacus". Hakujua "spoon", kwa sababu S iko mbali.

Mtoto wako tayari ana mali asiyoijua. Darasani alisoma usanisinuru, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwambie alipasue: usanisi, kuunganisha vitu kupata kitu kipya, nuru, mwanga. Sasa mwonyeshe "photosynthesis". "Photo" ni mwanga kwa Kigiriki, ndiyo ileile ya fotokopi, mashine inayonakili karatasi kwa kuimulika. "Synthesis" ni kuunganisha. Ni neno lake lilelile, limevaa koti la kigeni. Kipimajoto naye alishamjua, na "thermometer" ni huyohuyo: "thermo" ni joto, na hapo nyumbani mna themosi ya chai, mnaitumia kila asubuhi bila kujua mnasema Kigiriki. Kaeni naye na vitabu vyake vya sayansi vya darasa la sita na la saba, mkitafuta maneno ya namna hii. Matano kwa siku yanatosha. Na mtakuta mengine hayapasuki, yaacheni.

Kitu cha pili, na hiki shule nyingi zinakisahau: maneno ya kuulizia. "State" (taja), "describe" (elezea), "explain" (fafanua), "compare" (linganisha), "give reasons" (toa sababu). Nimesahihisha karatasi za watoto waliojua jibu lote wakapata sifuri kwa sababu waliombwa kulinganisha, wakaeleza kimoja tu. Maneno hayo hayafiki ishirini na yanatokea kwenye kila somo, kuanzia jiografia hadi baiolojia. Hayo mfanyie kadi, na kila kadi iwe na swali zima la mtihani.

Kamusi ibaki mezani ya kutafutia. Na mkitafuta neno, msiishie maana ya kwanza, shukeni mpaka kwenye mifano.

SWALI: Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma na wizara mwaka 2019 kutoka Dar. Nataka kujifunza Kigogo kidogo, angalau majirani wasione najitenga. Kuna orodha ya maneno unaweza kunitumia?
— Mtumishi, Mtumba

JIBU: Kigogo lugha, natumaini, maana vigogo wengine hapo Mtumba unao wa kutosha.

Orodha ninaweza kukutumia, na sikutumii. Mimi si Mgogo, nimezaliwa Kondoa, ambako ukienda gulio unakutana na Warangi, na Wasandawe wenye sauti zao za kualisha ulimi, na Waburunge, na wafugaji wanaoshuka na ng'ombe, kila mmoja na lugha isiyofanana hata chembe na ya mwenzake. Bibi yangu aliuza vyungu akielewana nao wote na hakuwa na daftari, kwa kuwa hakujua kuandika. Lakini ukimuuliza neno fulani kwa Kisandawe maana yake nini, alikuwa anakukasirikia. Atakuuliza, "Nani kalisema? Alikuwa anafanya nini?" Hapo ndipo anajibu. Nilikuwa naona ni uzee.

Nilipopangiwa Mpwapwa nilikuwa nanunua unga wa uwele na mlenda kwa mama mmoja, kila Jumamosi. Kiswahili alikijua vizuri, ila akiniona mwalimu alikuwa anakisahau kwa makusudi. Mwaka mzima nilijua sentensi kama kumi na tano za Kigogo, zote za mlenda. Nilikuwa siwezi kukuambia neno lipi ndani yake ni bei na lipi ni punguza. Mwaka wa pili nikaanza kuzisikia zilezile zikitoka kwa watu wengine, msibani, kwenye basi, zimebadilika kidogo hapa na pale, na hapo ndipo maneno yakaanza kujitenga yenyewe, moja moja, bila mimi kuyaita.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi asubuhi nenda Majengo kabla jua halijanyausha mboga, utafute mama mmoja anayeuza mlenda, mtu mzima, asiye na haraka. Msalimie "mbukwa". Wakiwa wamekaa kikundi, sema "mbukwenyi". Watacheka, kisha watakuongelesha kwa haraka usielewe kitu. Usikimbilie Kiswahili. Nunua fungu, na Jumamosi ijayo urudi kwa mama yuleyule.